Dokta Aliyeombewa Rozari

Elinipendo alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwa marehemu Mama Stella, kule Uru, akimenya ndizi mshare za mtori wa wafiwa, alipoinua macho na kumwona mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimkwepa mjini kwa mwaka na zaidi. Dokta Wenseslaus, mhadhiri anayesimamia tasnifu yake, alikuwa anaingia uani taratibu, kofia mkononi, akiwapa watu pole mmoja mmoja. Kisu kikamponyoka kikaangukia kwenye maganda.

"Wifi, umejikata?" aliuliza Stella, mtoto wa kwanza wa marehemu, dada mkubwa wa Sirili, mchumba wa Elinipendo.

"Hapana, wifi. Mikono imejaa utomvu tu."

"Basi kapumzike. Tangu juzi hujakaa. Hata sisi wa kuzaliwa humu hatujafanya kazi kama wewe."

Siku nyingine maneno hayo yangemfurahisha. Sasa yalimchoma, maana pale nje, chini ya turubai, Dokta alikuwa ameketi kando ya Sirili, amemshika bega, na alikuwa anaongea. Na Dokta Wenseslaus, wote waliowahi kukaa darasani kwake wanajua, akianza kuongea hasemi nusu.

Tuseme ukweli kuhusu Elinipendo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajausema. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, binti wa Mwalimu Elisaria wa Kirua Vunjo, mstaafu, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Miaka mitatu nyuma alizunguka na daftari kwa akina mama mia moja na ishirini wanaouza maziwa kwenye ushirika, akanywa chai kila nyumba, akarudi na sanduku zima la madodoso kwa ajili ya shahada yake ya uzamili. Kilichobaki kilikuwa kukaa chini na kuandika. Hapo ndipo kazi ilipolala usingizi wa pono.

Mvivu hakuwa. Kila asubuhi alifungua kompyuta, akaitazama sura ya nne, akasahihisha koma moja, akakumbuka hajanywa chai. Akitoka kwenye chai alifungua blogu. Aliiita Kibaraza cha Eli, na huko maneno yalimtoka bila kusukumwa: mbuzi wa jirani aliyekula sare ya kwaya, baba yake anavyogombana na redio, namna ya kujua parachichi limeiva bila kuliminya. Watu walicheka wakaandika, "Dada Eli, umeniua leo," naye akawajibu mmoja mmoja mpaka jua likazama. Tasnifu ilikuwa na msomaji mmoja tu, tena mwenye kalamu nyekundu. Kibaraza kilikuwa na wasomaji elfu nne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia arudie.

Yote hayo yangekuwa kichekesho tu, kama Mwalimu Elisaria asingeweka sharti. Mwaka mzima alipigana na Ukatoliki wa Sirili, akachoka, akabaki na neno moja ambalo hakulilegeza. "Posa nitaipokea siku binti yangu atakapokabidhi kazi yake chuoni. Akiolewa kabla, itafia jikoni." Sirili alikubali. Yeye anapandisha wageni mlimani, na kusubiri hakumsumbui. Ila Sirili ni kitinda mimba, na kwa Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mama yake alikuwa anaumwa figo, na alitaka kumwona mke wa mwanawe ndani ya nyumba ile kabla hajafumba macho.

Kila Sirili alipouliza, "Imefika wapi?" Elinipendo alijibu kwa sauti ya uchovu, "Nimeshampelekea Dokta. Anakaa nayo tu, sijui ana nini na mimi." Mara ya kwanza ilimtoka bila kupanga. Mara ya pili ilikuwa rahisi. Mara tatu Mama Stella aliloweka ulezi, akaivisha ndizi, akapika mbege, pombe ya kupeleka posa Kirua, na mara tatu likaja jibu kwamba Dokta hajarudisha. Mbege haiwekwi ikangoja mtu, kwa hiyo ilinywewa na majirani.

Pale chini ya turubai Dokta alimaliza. Sirili akageuza kichwa kuelekea jikoni.

Elinipendo aliyajua macho ya Sirili ya kila namna. Aliyajua yakiwa mekundu kwa baridi na vumbi, akishuka mlimani, yakimtafuta kati ya watu pale getini. Aliyajua yalivyokuwa yakimcheka kabla mdomo haujacheka. Haya ya leo hakuyajua. Yalimtazama muda mrefu, bila hasira, halafu yakashuka chini. Akatamani ardhi ya jikoni ile immeze hapo hapo na maganda yake.

Sirili akanyanyuka, akaja mpaka mlangoni.

"Eli, njoo tutembee kidogo."

"Nina ndizi, Sirili..."

"Stella atamalizia. Njoo."

Walishuka kihambani nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na mibuni, Sirili mbele, Elinipendo nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani, na shati jeusi la Sirili lilikuwa limelowa mabegani. Elinipendo alitaka kumwambia avae koti. Miaka mitatu alikuwa akimwambia avae koti. Leo hakuthubutu.

Sirili alisimama karibu na mfereji, umbali kidogo kutoka lilipo kaburi jipya.

"Dokta amenipa pole," alisema. "Akaniambia mama yangu alikuwa mtu wa ajabu. Nikamuuliza, mlifahamiana wapi? Unajua amesema nini?"

Elinipendo alitikisa kichwa.

"Amesema mwezi wa tatu, siku ya kliniki, Mama alitoka Mawenzi hospitali akaenda mpaka chuoni. Alipanda bodaboda na mkungu wa mshare mapajani, na maziwa lita tatu. Mama yangu, ambaye ngazi tatu za kanisani zilikuwa zinamshinda, alipanda mpaka ghorofa ya pili. Akagonga kwa Dokta, akamwambia, 'Shikamoo, mwalimu.' Shikamoo, Eli! Yule ni mdogo kwake kwa miaka ishirini."

"Mungu wangu."

"Ngoja. Akamwambia, 'Nimekuja kumwombea mwanangu. Kama kuna mahali alikukosea, mimi ndiye mzazi, nisamehe mimi. Mrudishie kazi yake.' Dokta akamuuliza, mwanao nani? Mama akakutaja wewe. Hakusema mchumba wa mwanangu. Alisema mwanangu, Elinipendo wa Mwalimu Elisaria."

Elinipendo aliziba mdomo kwa kiganja.

"Dokta akamwambia, 'Mama, huyo sijapokea kwake hata ukurasa mmoja tangu mwaka jana. Namwandikia hajibu. Nilidhani ameacha shule.'"

Maji ya mfereji yaliendelea kupita. Huko juu nyumbani mtu alikuwa anapasua kuni.

"Kwa hiyo Mama alijua," alinong'ona Elinipendo.

"Tangu mwezi wa tatu."

"Lakini mwezi wa tano alipika tena mbege. Alinipigia simu mwenyewe. Nilimwambia Dokta bado, akanijibu, 'Usijali mwanangu, tutapika nyingine.'"

"Ndiyo."

"Alikuwa anajua ninamdanganya na bado ananiambia usijali?"

"Ndiyo, Eli. Alikuwa anakuitikia."

"Kwa nini hakukuambia wewe?"

"Hakuniambia mimi na alimwomba Dokta asikwambie wewe. Alimwambia, 'Akijua nilikuja hapa atashindwa kunitazama usoni, na mimi nataka aje aishi kwangu.'" Sirili akageukia migomba kidogo. "Unajua rozari yetu ya jioni. Tendo la nne lilikuwa la Dokta Wenseslaus. Kwa jina kabisa! Mungu amlainishe moyo. Nikishuka mlimani nimechoka, nakaa kwenye mkeka nasali na mimi, namchukia mtu ambaye hajanikosea kitu. Baada ya mwezi wa tatu Mama akaacha kumtaja. Nikamtania, nikasema Mama, umemchoka Dokta? Akaniambia, 'Huyo ameshalainika. Sasa tumwombee Eli asiogope.' Nilidhani ni ugonjwa unaongea."

Elinipendo alilia. Alilia kwa kwikwi, bila aibu ya majirani, akamsubiri Sirili amguse kama alivyozoea kumgusa, kidole gumba chini ya jicho. Sirili aliweka mikono mfukoni.

"Nilitaka kukwambia," Elinipendo alisema alipoweza. "Kila siku nilijua kesho nitakwambia. Niliona nikimaliza tu, uongo nao utaisha wenyewe, hakuna atakayeumia."

"Kesho."

"Hujui ilivyo. Nikiifungua ile kazi kifua kinabana. Naona kila mstari niliouandika ni wa mtu mjinga. Kule kwenye blogu hakuna anayenipima."

"Nilikuwa nakusoma," Sirili alisema. "Kuna kambi moja juu yenye mtandao, tena kwenye jiwe moja tu. Wenzangu wanapanga foleni pale wapigie wake zao. Mimi ilikuwa zamu yangu ikifika nasoma habari za mbuzi. Nikishuka namsomea Mama. Ile ya mbege iliyonywewa na majirani alitaka nirudie mara mbili. Alicheka mpaka akakohoa."

"Niliiandika kwa mapenzi, Sirili."

"Najua. Iliandikwa vizuri sana. Sikujiuliza hata siku moja, mtu aliyeandika makala arobaini mwaka huu anashindwaje na kurasa thelathini? Nilikuamini. Mama ndiye aliyejiuliza, na hata darasa la nne hakumaliza."

Upepo ulitikisa migomba na matone yakawaangukia wote wawili. Hakuna aliyejifuta.

"Nijibu kitu kimoja," Sirili alisema, na sasa alimtazama. "Ulikuwa unamwogopa Dokta, au ulikuwa unaiogopa nyumba hii?"

Elinipendo aliitazama nyumba. Aliona bati lenye kutu, moshi ukipenya juu ya jiko, zizi la ng'ombe ambaye mke wa kitinda mimba angeamka saa kumi na moja kumkamua, kesho na keshokutwa na miaka yote. Alimpenda mwanaume huyu. Alimpenda mpaka ikauma. Na ni kweli pia kwamba kuna siku alisimama katikati ya uwanja ule, akahesabu migomba, akahisi kifua kikibana kulekule kunakobana akifungua sura ya nne. Angeweza kujibu "Dokta", na Sirili labda angesadiki.

"Sijui," alisema. "Nakupenda, hilo nalijua. Hili jingine sijui, Sirili. Naapa sijui."

"Asante," alisema Sirili taratibu. "Hilo nimeliamini."

Lilikuwa jibu la upole, na ndilo lililomtisha kuliko yote. Kando ya mfereji kulikuwa na mstari wa masale, mpaka wa kihamba. Kwa Wachagga anayekujia na jani la isale mkononi akiomba radhi, huna njia ya kumkatalia, hata kama alimwaga damu ya ndugu yako. Elinipendo hakufikiri. Aliinama akanyoosha mkono.

"Usichume!" Sirili alimshika kifundo cha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa siku ile. "Tafadhali, Eli. Ukinipa hilo sina ruhusa ya kukataa. Usinifanyie hivyo mbele ya kaburi la mama yangu."

"Basi nikuombe vipi msamaha?"

"Nimeshakusamehe. Kama yeye aliweza, mimi nani?" Hakumwachia mkono. "Kukusamehe si kazi. Kazi ni kesho ukiniambia umechelewa sokoni, nisianze kujiuliza uko wapi."

"Nipe mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu, nimalize, uone."

"Jumamosi ukoo unakaa. Baba mdogo Shedrack atauliza nyumba inabaki na nani, na kuna mke au hakuna. Miaka mitatu nimekuwa nasema yupo, anakuja. Jumamosi nitasema nabaki peke yangu."

"Sirili, mwezi! Umenisubiri miaka mitatu, mwezi ni nini?"

Sirili alimtazama kwa huruma ambayo Elinipendo angekuwa radhi kuibadilisha na kofi.

"Unafikiri nilikuwa nasubiri mwenyewe? Kila niliposhuka nimekata tamaa, yeye ndiye alikuwa ananiambia, bado kidogo, Eli anakuja. Mwezi ninao, Eli. Sina tena mtu wa kunisaidia kusubiri."

Ndipo alipomwachia mkono. Alipanda kurudi kwa wafiwa bila kugeuka, na Elinipendo alibaki kando ya mfereji akisikiliza nyayo zake mpaka zikachanganyika na sauti za watu. Akiwa amesimama pale, machozi hayajakauka, aligundua kwamba kichwa chake kilikuwa kimeanza kupanga maneno: kichwa cha habari, sentensi ya kwanza, mahali ambapo wasomaji wangelia. Hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia dakika ile.

Nyumbani Kirua alimkuta baba yake anagombana na taarifa ya habari. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, viatu vyenye tope miguuni. Mwalimu Elisaria alizima redio.

"Mwalimu mwenzangu nimemsema vibaya mpaka kwenye kikao cha wazee wa kanisa," alisema mwishowe. "Na yule mama wa watu nimemrudishia wajumbe mara tatu."

"Baba, nisamehe."

"Na mimi nani atanisamehe? Sharti lilikuwa langu." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. "Sikuwa na haja ya ile karatasi, Eli. Nilikuwa sitaki uondoke. Nenda kaandike, mama. Hata kama hakuna anayesubiri."

Akaenda kuandika. Hakuandika kwa kipaji, na hakuna mstari uliomtoka kwa raha. Kifua kilibana kila asubuhi, naye akakiacha kibane akaendelea. Alitoa madodoso sandukuni akayasoma upya moja moja, akina mama mia moja na ishirini, na kila mmoja alikuwa na sauti ya Mama Stella. Kwenye Kibaraza watu waliuliza, "Dada Eli umepotelea wapi?" wakauliza, wakachoka. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Jumamosi ya ukoo ilipita naye akiwa kwenye jedwali la sita. Hakuna aliyempigia simu kumwambia kilichosemwa, na yeye hakuuliza.

Mchana wa Alhamisi moja alipanda ghorofa ya pili pale chuoni, bahasha kifuani, akaweka kazi mezani kwa Dokta Wenseslaus. Ngazi zilikuwa arobaini na nne. Dokta alifungua ukurasa wa kwanza, wa mwisho, akamtazama juu ya miwani.

"Karibu tena, Elinipendo," alisema. Hakuongeza neno, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa zawadi kubwa.

Nje ya geti la chuo alisimama juani akapiga simu. Iliita mara nyingi. Aliposikia sauti ya Sirili akajishika kwenye ukuta.

"Eli? Sema haraka, tunaingia msituni na wageni, mtandao utakata."

"Nimekabidhi."

"Umekabidhi? Yote?"

"Yote. Sasa hivi. Dokta ameipokea mkononi."

"Hongera!" Ilimtoka kwa nguvu, furaha ya kweli, ile sauti ya zamani kabisa, na kwa nukta moja Elinipendo aliiona nyumba, zizi, jiko, na akajua angeingia mle ndani akikimbia. "Hongera sana, Eli. Nilijua unaweza. Ilikuchukua muda gani?"

Angeweza kusema miezi. Angesema nilikuwa nimeshaandika nyingi, nilikuwa namalizia tu. Uongo ulikuja mpaka kwenye ulimi, mdogo, wa huruma, ambao usingemdhuru mtu.

"Siku kumi na tisa," alisema.

 Upande wa pili alisikia wapagazi wakiitana, mzigo ukishushwa, mgeni mmoja akicheka. Simu haikukatwa.

"Kumi na tisa," Sirili alirudia. "Na Mama alipika mbege mara tatu."

Halafu akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima mbele ya wageni wake, hakuweka simu chini na hakumwambia kwaheri. Elinipendo aliishikilia sikioni kwa mikono yote miwili, akamsikiliza mpaka mtandao ukakata.